Vakyumu au upasuaji wakati mama tayari anasukuma: jaribio hili linafanyikaje kwa haki?

DktNuru

Shikamooni wakubwa zangu wa fani hii, na habari zenu wenzangu.

Niko kwenye uzamili wa uzazi na magonjwa ya wanawake, nimefika hatua ya pendekezo la utafiti. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: mama amefunguka njia yote, anasukuma kwa nguvu zake zote, lakini kichwa cha mtoto kimesimama katikati ya nyonga na hakishuki tena. Mtoto avutwe kwa vakyumu, yaani kikombe kinachonata kichwani, au mama apelekwe moja kwa moja kwenye upasuaji? Kila mwalimu niliyemuuliza ana jibu, na kila mmoja analitoa kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Ushahidi wenyewe hauonekani. Wachambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walitafuta majaribio yaliyowapanga wanawake kwa bahati nasibu kati ya kujaribiwa vakyumu au koleo ndani ya chumba cha upasuaji na kupasuliwa papo hapo, wakatoka mikono mitupu.

Linanikosesha usingizi kwa sababu njia zote mbili zinaweza kuumiza. Upasuaji wa hatua hiyo haufanani na ule wa kupangwa. Kichwa kimejikita chini, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi imetanuka ikawa nyembamba, unaingiza mkono kukitoa na mkato unachanika kuelekea pembeni, kwenye mishipa mikubwa ya damu. Nako kwenye vakyumu, kikombe kikiwekwa vibaya au kikivutwa kwa ubishi, damu inaweza kuvujia chini ya ngozi ya kichwa cha mtoto taratibu, na dalili zikaja saa kadhaa baadaye, jamaa wakiwa wameshaanza kutoa pongezi.

Kamati ya maadili imenirudishia pendekezo. Wanauliza mama aliye kwenye hali hiyo atatoaje ridhaa ya kweli. Msimamizi wangu naye anauliza vakyumu ikishindwa na mama akapasuliwa hata hivyo, atahesabiwa kundi gani? Na sampuli niliyoweka, wanawake 300, ameizungushia duara bila kuandika neno. Mliowahi kufanya majaribio ya kitabibu leba, naombeni mnieleze mlikwama wapi na mlijikwamuaje.

MkungaWaZamu

Marahaba, daktari. Mimi ni mkunga na nimewahi kuandikisha wanawake kwenye majaribio, kwa hiyo nitashika la ridhaa. La hesabu nawaachia wenyewe.

Mwanamke unayemzungumzia anapata uchungu kila baada ya dakika mbili au tatu. Uchungu ukiachia anatafuta pumzi tu. Ukimwekea mbele fomu ya kurasa kadhaa, atasaini ili maumivu yaishe, na wewe mwenyewe utajua moyoni kwamba hajasoma. Saini hiyo itakulinda wewe, yeye haimsaidii chochote.

Mazungumzo yaanzie kliniki, wiki za mwisho za ujauzito, na yafanyike na kila mama ingawa wengi wao hawatafika kwenye hali hiyo. Hapo ndipo kazi ilipo. Utaongea na mamia ili uwapate wachache, na lazima uongee bila kuwatia hofu wale ambao wangejifungua salama salimini. Rudia akipokelewa, kabla uchungu haujakolea. Muda ukifika, libaki swali moja tu, aulizwe uchungu ukiwa umeachia: tulizungumza juu ya utafiti, bado unakubali? Akitikisa kichwa kukataa, imekwisha, hakuna kubembeleza. Na anayeuliza asiwe daktari aliyeshika kikombe mkononi. Mama anayemtegemea mtu amtolee mtoto wake hawezi kumwambia mtu huyo huyo hapana.

Kuna atakayekwambia kwamba jaribio la WOMAN liliweza, lile la asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wanawake 20,060 kutoka nchi 21. Ni kweli, pale mama aliyekuwa akivuja damu na hawezi kuzungumza aliweza kupewa dawa kwanza, ridhaa ikaombwa baadaye. Lakini lile lilikuwa sindano, na kila dakika ilikuwa na thamani. Wewe unataka bahati nasibu iamue kama tumbo la mtu lifunguliwe. Huo mlango wa ridhaa ya baadaye usiuguse kabisa.

HesabuZaWodi

Duara la msimamizi wako nalielewa.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme madhara makubwa kwa mtoto yanawapata 5 kati ya 1,000 kwa njia moja, na unataka kugundua kama njia ya pili inayapunguza hadi nusu. Kwa vigezo vya kawaida, yaani uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti kama ipo, na asilimia 5 ya kudanganywa na bahati, unahitaji wanawake wapatao 9,400 kila kundi. Karibu 19,000 kwa jumla. Wanawake 300 hawatakuambia lolote kuhusu kifo wala jeraha la ubongo. Watakachokuambia ni kama jaribio lako linawezekana, na hilo nalo ni swali halali, ila liandike hivyo waziwazi kwenye kichwa cha utafiti.

Kisha kuna wanaokataa. Jaribio la ARRIVE la Marekani, lililochapishwa mwaka 2018, la kuanzisha uchungu kwenye wiki ya 39, lilipata wanawake 22,533 waliostahili. Waliokubali ni 6,106. Hiyo ni kuanzisha uchungu tu. Australia walijaribu kulinganisha upasuaji wa kupangwa na kujifungua kwa njia ya kawaida kwa wanawake waliowahi kupasuliwa mara moja: katika 2,345 walioingia kwenye utafiti, waliokubali bahati nasibu iwaamulie walikuwa 22. Waliobaki walichagua wenyewe. Uholanzi walipotaka kulinganisha kuzalia nyumbani na hospitali kwa mtindo huo, waliwaalika wanawake 116 wa uzazi wa kwanza, akakubali mmoja.

Sasa swali la kuhama kundi. Jaribio la mapacha la mwaka 2013, lililolinganisha upasuaji wa kupangwa na njia ya kawaida, lilikuwa na wanawake 2,804 katika nchi 25. Waliopangiwa njia ya kawaida, asilimia 43.8 waliishia kupasuliwa. Waliopangiwa upasuaji, asilimia 90.7 ndio waliopasuliwa kweli. Maana yake tofauti halisi ya upasuaji kati ya makundi mawili ni kama asilimia 47, ilhali kwenye karatasi ni 100. Kama athari inafuata njia yenyewe ya kujifungua, tofauti unayoitafuta inapungua hadi chini ya nusu, na sampuli inayohitajika inapanda zaidi ya mara nne.

Usishawishike kuwahesabu kwa kile walichofanyiwa. Mama hahami kundi kwa bahati nasibu. Anahama kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka au kichwa kimegoma. Ukiwatoa hao kwenye kundi la vakyumu na kuwatia kwenye la upasuaji, umeisafisha vakyumu na kuubebesha upasuaji matatizo ambayo haukuyaanzisha. Mama anabaki kundi alilopangiwa, na swali lako liandikwe upya: linganisha mpango wa kuanza na vakyumu na kupasua ikishindwa, dhidi ya mpango wa kupasua mara moja. Hilo ndilo swali ambalo daktari anajiuliza kweli akiwa amesimama pale, kwa sababu hakuna anayeweza kumhakikishia mama kwamba vakyumu itafaulu.

DktNuru

Asante sana kaka. La mpango nimelielewa na limenifungua macho. Lakini 19,000 sitawafikia hata nikisoma uzamili mara tano. Nikiunganisha matokeo, kifo pamoja na majeraha pamoja na kulazwa chumba cha watoto wachanga, sampuli si itashuka?

MratibuMstaafu

Itashuka, binti yangu, lakini kwanza ujue yaliyoupata utafiti wa watoto waliotanguliza makalio. Niliratibu majaribio ya uzazi kwa miaka mingi, na hilo ndilo nililokuwa nikiwasomesha vijana kabla ya kuwakabidhi daftari la wodi.

Jaribio hilo liliongozwa na Mary Hannah wa Toronto na kuchapishwa kwenye jarida la tiba la The Lancet mwaka 2000. Wanawake 2,088, vituo 121, nchi 26. Walilinganisha upasuaji wa kupangwa na kujifungua kwa njia ya kawaida mtoto akiwa ametanguliza makalio. Matokeo ya msingi yaliunganisha kifo cha mtoto na madhara makubwa ya siku za mwanzo: asilimia 1.6 kwa upasuaji, asilimia 5.0 kwa njia ya kawaida. Uandikishaji ulikatishwa mapema kwa sababu tofauti ilishaonekana. Dunia ikabadilika mara moja. Uholanzi, upasuaji kwa watoto wa makalio ulipanda kutoka asilimia 50 hadi 80 ndani ya miezi miwili.

Kisha watoto wakafuatiliwa hadi umri wa miaka miwili katika baadhi ya vituo. Waliokufa au kuchelewa kukua kiakili na kimwili walikuwa asilimia 3.1 kwenye kundi la upasuaji na 2.8 kwenye la njia ya kawaida. Tofauti ilikuwa imeyeyuka. Sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa madhara makubwa siku za kwanza hayakuacha alama iliyoonekana baada ya miaka miwili. Sisemi jaribio lilikuwa bovu. Ninasema ukitia kwenye kapu moja kifo na kulazwa chumba cha watoto wachanga, chenye kutokea mara nyingi ndicho kitakachosema kwa niaba ya wote. Kulazwa hutegemea pia kama kuna kitanda na kama muuguzi wa zamu ana tahadhari. Kiondoe. Chukua vitu vinavyopimika bila macho ya mtu kuingilia, kama asidi ya damu ya kitovu, inayoonyesha kama mtoto alikosa hewa, na umpe kazi ya kumpima mtoto baadaye mtu asiyejua alizaliwaje. Mama na daktari huwezi kuwaficha njia iliyotumika. Mpimaji unaweza.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, nalo ni mikono. Katika jaribio la makalio, mzalishaji alitakiwa ajione ana ustadi na mkuu wake wa idara athibitishe. Wakosoaji walilalamikia kigezo hicho kwa miaka, na siwalaumu. Ustadi wa kumtoa mtoto wa makalio hauthibitishwi kwa barua. Tena tazama hili: katika nchi zenye vifo vichache vya watoto wachanga tofauti ilikuwa asilimia 0.4 kwa upasuaji na 5.7 kwa njia ya kawaida, na katika nchi zenye vifo vingi 2.9 kwa 4.4. Itifaki moja, tofauti mbili. Baadaye Ufaransa na Ubelgiji walifuatilia wanawake zaidi ya 8,000 bila bahati nasibu, katika hospitali zilizokuwa zimezoea njia ya kawaida na kuchagua wanawake kwa makini, na hawakuona upasuaji ukiizidi njia ya kawaida kwa usalama wa mtoto.

Hilo linakuhusu moja kwa moja. Upasuaji ni kazi ambayo kila mwenzako anaifanya kila siku. Vakyumu wengine wameigusa kwa kuhesabika. Ukiwapanga wanawake bila kujali zamu ya nani, utakuwa umelinganisha mkono uliozoea na mkono unaojifunza, halafu utaandika kwamba umelinganisha njia mbili. Kabla ya kuandikisha mama wa kwanza, amua nani anaruhusiwa kushika kikombe, na aangaliwe akifanya mbele ya mtu. Andika lini anaacha: kikombe kikichomoka mara ngapi, mivuto mingapi ikipita bila kichwa kusogea. Na uandike kila zamu alikuwa nani.

Na ninayo hofu moja ambayo watafiti hawaisemi sana. Jaribio la makalio likaondoa kabisa uwezekano wa kulirudia. Upasuaji ulipopanda, vijana hawakuona tena mtoto wa makalio akizaliwa kwa njia ya kawaida, na waliojua wakastaafu. Ukichapisha matokeo dhaifu dhidi ya vakyumu, wapo watakaoacha kuifundisha kesho yake, na atakayekuja kukurekebisha hatapata wa kumwandikisha.

MamaWaWawili

Samahanini wataalamu, mimi si daktari. Niliwahi kuombwa kuingia kwenye utafiti wa namna hii wa njia ya kujifungua, nikakataa, na naona mmezungumza juu yetu sana bila mmoja wetu kusema.

Daktari alinieleza vizuri tu. Akasema hawajui ipi ni bora na ndiyo maana wanatafiti. Nikamwamini. Alipotoka, muuguzi akaniinamia akaniambia kwa sauti ya chini, wewe sema unataka upasuaji, usihangaike na haya. Nilijiuliza sasa nani anajua na nani hajui. Kama waliokuwa chumba kimoja hawakukubaliana kwamba hawajui, mimi niingie vipi? Huyo muuguzi simlaumu, alinionea huruma. Lakini inaonekana hakuna aliyekaa naye kumwelezea utafiti.

Pia niliuliza atakayenihudumia siku hiyo ni nani, nikaambiwa yeyote atakayekuwa zamu. Nikauliza nikibadili mawazo katikati itakuwaje, nikajibiwa kwa maneno mengi bila jibu. Daktari Nuru, hayo mawili ungeyajibu kwa sentensi moja moja, huenda ungenipata.

Na mnapima mtoto, vizuri, ni haki yake. Mimi baada ya uzazi wa kwanza mkojo ulikuwa unanitoka nikikohoa, na nilikaa muda mrefu nikidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Hakuna fomu yoyote iliyoniuliza. Wala hakuna aliyeniambia uzazi ule ungebeba nini kwenye mimba inayofuata.

MratibuMstaafu

Mama amegusa penyewe. Mara nyingi jaribio huisha mtoto akiwa na wiki sita, lakini kovu linaendelea na maisha. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake waliopasuliwa mara kwa mara. Kwa wale ambao kondo la nyuma lilikaa chini na kufunika njia, uwezekano wa kondo hilo kung'ang'ania ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi ulikuwa asilimia 3 kwenye upasuaji wa kwanza, 11 kwenye wa pili, 40 kwenye wa tatu. Jaribio lako halitaishi hadi huko. Basi hata kama fedha ni kidogo, omba ridhaa ya kumpata mama tena baadaye, na ichukue mapema, maana ukishafunga daftari hutamwona tena.

MkungaWaZamu

Naongeza la damu, kwa sababu nimeona kwenye mapendekezo mengi limeandikwa kwa mstari mmoja, "kuvuja damu baada ya kujifungua", basi.

Kwa desturi ya vitabu vingi, aliyejifungua kwa njia ya kawaida anahesabiwa amevuja damu akifika mililita 500, na aliyepasuliwa akifika 1,000. Ukitumia tafsiri hizo mbili kwenye jaribio moja, mama wa vakyumu aliyepoteza 700 ataandikwa ana tatizo, na wa upasuaji aliyepoteza 900 ataandikwa hana. Weka kiwango kimoja kwa wote.

Halafu njoo kwenye kupima kwenyewe. Kitandani damu inachanganyika na maji ya uzazi na mkojo, nyingine imelowa kwenye khanga, nyingine imeanguka sakafuni. Kwenye upasuaji ile chupa ya kufyonza imejaa maji ya uzazi, na vitambaa vimelowa tumboni. Anayekadiria kwa macho hupunguza, na hupunguza zaidi damu ikiwa nyingi. Jaribio la E-MOTIVE lililochapishwa mwaka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lilitumia mfuko wenye alama unaotandikwa chini ya mama. Kuvuja damu kukubwa pamoja na vifo na upasuaji wa kuzuia damu vilikuwa asilimia 1.6 mahali palipotumika mfuko na huduma zote zikatolewa kwa pamoja, dhidi ya 4.3 kwingine. Wanawake zaidi ya 210,000. Mfuko huo ulikuwa wa waliojifungua kwa njia ya kawaida tu, kwa hiyo upande wa upasuaji itabidi upime vitambaa kwenye mizani na usome chupa kabla na baada ya maji ya uzazi kutoka. Mfundishe mtu mmoja kila zamu kazi hiyo, asiwe na kazi nyingine.

Na hao wa E-MOTIVE hawakumpanga mama mmoja mmoja. Walipanga hospitali. Lifikirie hilo.

HesabuZaWodi

Naunga mkono, kwa tahadhari. Hospitali haiwezi kupangiwa kwamba wanawake wake wote wapasuliwe, huko ni kumnyang'anya mama uamuzi. Lakini inaweza kupangiwa mafunzo ya vakyumu na msimamizi mzoefu wa zamu, nyingine zikiendelea kama zilivyo hadi zamu yao ifike. Kumbuka tu kwamba wanawake wa hospitali moja wanafanana, kwa hiyo wanawake 1,000 wa hospitali mbili hawana uzito wa wanawake 1,000 wa hospitali ishirini. Ongeza hospitali kuliko wanawake.

Na kama utabaki na kumpanga mama mmoja mmoja, usitumie bahasha zenye jina la kundi zinazokaa kwenye droo ya wodi. Zimewahi kushikwa kwenye taa ili kuona kilichomo. Daktari ameshapapasa kichwa, amesikia mifupa ya kichwa imepandana, moyoni ameshaamua. Akijua bahasha inayofuata inasema nini, atamwacha huyu na kumngoja mwingine.

DktNuru

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama wa Wawili, shikamoo na asante. Maswali yako mawili nayaweka mwanzoni mwa maelezo ya kliniki, kabla ya jina la utafiti: nani atakuhudumia, na ukibadili mawazo nini kitatokea. Jibu la pili litakuwa hivi: utahudumiwa kwa njia ambayo wewe na daktari mtaona inafaa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Jaribio lenyewe naligeuza. Wale 300 nawaacha, lakini sasa kwa kujua kama linawezekana: wangapi waliozungumziwa kliniki walifika kwenye hali hiyo, wangapi bado walikubali, wangapi walibaki kwenye mpango waliopangiwa, na kila mara nani alishika kikombe. Waliokataa nitaomba ruhusa niwafuatilie vilevile kwa njia waliyochagua wenyewe. Damu kwa kiwango kimoja, asidi ya kitovu kwa kila mtoto, na swali la mkojo kwa mama. Na kabla ya yote nakaa na wauguzi na wakunga wa zamu zote. Asiyeamini kwamba jibu halijulikani aniambie mimi mapema, na sababu zake niziandike, maana huenda anajua kitu.

Kaka Hesabu, nikimaliza rasimu ya uchanganuzi nitaibandika hapa hapa. Naomba usinionee haya.